Kuishi Chomboni na Kuzuru Jamaa Amu na Faza: Jibu kwa Mwalimu wa Malindi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Mume wangu na rafiki yake wamenunua chombo cha tanga cha futi 32, cha faiba, kina injini ndogo ndani. Wanataka likizo ya Agosti tukae majini: tutoke Malindi twende Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyoiita, tulale humo humo chomboni, na tuwatembelee shoga zangu wawili niliosoma nao chuoni. Mmoja yuko Langoni, Amu mjini, mwingine yuko Faza, kisiwani Pate. Tutakuwa wanne, pamoja na binti yetu wa miaka saba. Sijapata kulala baharini. Naogopa kulewa bahari, sijui tutapika na kuoga vipi, na zaidi ya yote sitaki kuwa mzigo kwa watu. Tujipange vipi?"

Jibu:

Mwalimu, hofu uliyoitaja mwisho ndiyo ningeitia mwanzo. Kulewa bahari kuna dawa, kupika kuna njia, kuoga mtazoea. Safari za namna hii huharibikia bandarini. Wenyeji wamepika, wageni hawaonekani. Au wageni wanafika usiku watu wamelala, wamejaa chumvi na njaa. Au mko barazani mnakunywa kahawa, kumbe chombo kinaburura nanga kinakwenda kulalia mashua ya mtu. Chombo kina saa zake, nazo ni za maji kujaa na kupwa. Nyumba ya Amu ina saa zake, nazo ni adhana na chakula. Mkiweza kuzikutanisha hizo mbili mmemaliza, na kitu cha kuzikutanishia ni mwezi. Kwa hiyo tuanze na mwezi, masufuria baadaye.

Agosti bado ni kusi, upepo wa kusini. Juni na Julai, upepo unapovuma kwa nguvu zake zote, wazee wetu walikuwa wakifunga bahari: vyombo vinapandishwa pwani, vinazibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mabaharia wanakaa majumbani. Agosti upepo huanza kulegea, na kadiri mwezi unavyoelekea ukingoni ndivyo mnavyoikaribia damani, majira ya utulivu, ambayo ndiyo hali nzuri kuliko zote kwa mtu anayeanza. Kama likizo yenu inaruhusu kungoja siku kadhaa kabla ya kung'oa nanga, ngojeni. Na mumeo akikwambia "upepo si mbaya", muulize kuhusu mawimbi. Kusi inaweza kutulia leo, na mawimbi iliyoyaamsha juzi bado yako njiani.

Kwenda ni rahisi. Kutoka Malindi hadi mlango wa Lamu ni maili za baharini sabini na kidogo, upepo uko nyuma yenu, na mkondo wa bahari unaelekea kaskazini vilevile. Chombo chenu kikienda noti 5, yaani maili tano za baharini kwa saa, na mkondo ukiongeza moja au zaidi, ni kama saa kumi na mbili. Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu: wanatoka mchana ili "wafike mapema", mkondo unawasukuma, na saa tisa za usiku wako mbele ya Shela, kile kijiji cha mlangoni, hawaoni kitu. Mlango wa Lamu hauingiwi gizani na mgeni. Una mafungu ya mchanga, na maji yakiwa yanatoka huku mawimbi ya kusi yanaingia, hukutana pale mlangoni yakavunjika yakawa meupe. Ingieni mchana, maji yakiwa yanajaa.

Sasa mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwandamo na ya mwezi mpevu, pwani yetu hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na tena alasiri. Maana yake asubuhi yote maji yanatoka. Mkifika siku za bamvua mtaukuta mlango katika hali yake mbaya kabisa, saa ile ile mnayotaka kuingia. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: yanajaa kama saa nne za asubuhi, na tangu alfajiri hadi saa hiyo yanaingia polepole. Hizo ndizo siku zenu. Na kati ya nusu mbili za mwezi, chagueni ile ya mwezi 22 au 23, kwa hesabu ya tangu mwandamo, kwa sababu mwezi huo huchomoza katikati ya usiku na kuwamulikia sehemu ya pili ya safari, wakati ambapo macho yamechoka. Tokeni Malindi magharibi, jua linapotua. Mkiona alfajiri mmeshafika na bado ni giza, punguzeni tanga mkae nje kwenye kina, mngoje kupambazuke. Kungoja hakuna aibu.

Kaeni mbali na nchi usiku kucha. Ghuba ya Ungwana, kuanzia Ras Ngomeni hadi Kipini, maji yake ni haba na machafu kwa tope la Tana, na usiku mna wavuvi wenye nyavu, wengine wana taa ndogo ya tochi tu. Kila mtu avae jaketi la kuokolea akiwa sitahani, na giza likishaingia asitoke mtu peke yake bila kumwamsha mwenziwe. Zamu za saa tatu tatu zinatosha kwa wanaume wawili. Wewe si baharia na usikubali kuhesabiwa zamu. Lakini kabla ya siku hiyo mumeo akufundishe mambo matatu, uyafanye kwa mkono wako hadi uyaweze: kuwasha injini, kuteremsha tanga, na kuita msaada kwa redio kwenye chaneli 16. Wakianguka majini wote wawili, au mmoja akianguka na mwingine akapigwa na bumbuazi, utakuwa umebaki wewe.

Jambo moja kuhusu binti yako. Upepo ukiwa nyuma, tanga linaweza kupinduka ghafla kutoka ubavu huu hadi ule, na ule mti wa chini wa tanga hupita juu ya sitaha kwa nguvu ya kuvunja kichwa. Waambie waufunge kwa kamba kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, usiweze kurudi. Mtoto akae chini, nyuma, karibu na anayeshika usukani, na awe na kamba yake fupi iliyofungwa kwenye jaketi. Atalalamika saa ya kwanza, kisha atasahau.

Kulewa bahari: meza kidonge kabla ya kung'oa nanga, si baada ya kuanza kutapika, maana hapo hakikai tumboni. Muulize mfamasia kipimo cha mtoto. Tangawizi inasaidia wengi, iwe ya kutafuna au ya chai. Usiingie chini kupanga vyombo, usisome, usitazame simu. Kaa nje, kitazame kitu kisichotikisika, nacho ni upeo wa macho au mlima wa mawingu upande wa nchi. Kwa watu wengi hali hupoa siku ya pili au ya tatu, na ninyi siku ya pili mtakuwa mmeshatia nanga, kwa hiyo taabu yako ni ya usiku mmoja. Usiku huo usipike chochote. Pika mchana nyumbani: mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, chupa mbili za chai. Tumbo tupu hulewa upesi kuliko lililoshiba kidogo.

Kuhusu kulala, kuna siri ambayo wauza vyombo hawaisemi. Kile chumba kizuri cha omo, chenye kitanda kipana, baharini hakilaliki. Omo ndiyo inayoruka kila wimbi. Mkiwa safarini wewe na mtoto laleni katikati au kuelekea tezi, yaani nyuma, hata kama ni chini sakafuni juu ya godoro. Mkishatia nanga, hamieni omo, fungueni dirisha la juu, upepo wa kusi utawalaza bila feni. Na kwa kuwa nahodha ni rafiki wa mume wako, si ndugu yako, shona pazia zito mapema, lenye pete, la kuukata mlango wa omo. Mtakaa humo siku nyingi. Pazia la leso linalopeperuka kila upepo ukipita litakuchosha kuliko mawimbi.

Maji matamu ndiyo mali yenu. Hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisuuza. Watu wanne kwa siku saba ni lita 140, yaani mitungi saba ya lita ishirini, iwe kando na maji ya tangi la chombo, ambayo mtayatumia kuoshea. Msitegemee kujaza mkifika upande wa Manda. Kisiwa hicho tangu zamani hakina maji ya kutosha. Amu yenyewe hunywa maji ya visima vilivyo kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na msimu wa kiangazi hayo nayo huwa hadithi. Mtanunua, mtamlipa mwenye punda au mkokoteni awafikishie gatini, na mtayapakia kwenye kihori, ile mashua yenu ndogo, maji ya bahari yakiwa yamejaa, maana kuteremsha mtungi wa lita ishirini kwenye ngazi yenye utelezi maji yakiwa yamepwa ni kutafuta kiuno kibovu.

Kuoga ni hivi. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya chumvi, ila sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inatoa. Ruka baharini au jimwagie ndoo, jipake, jimwagie tena, kisha jisuuze kwa kopo moja la maji matamu kuanzia kichwani. Hilo la mwisho usilinyime mwili. Chumvi ikikaa kwenye ngozi siku mbili tatu, hasa mikunjo ya mtoto, hugeuka vipele. Nguo za ndani na za mtoto zifuliwe kwa maji matamu, nyingine zinaweza kungoja.

Chakula hakitawasumbua. Nazi nzima hukaa majuma. Vitunguu, ndimu, kabeji, viazi, mchele, maharagwe, unga wa ngano wa chapati, ng'onda (samaki mkavu) wa kuungia, tende za asubuhi. Mayai yapake mafuta ya kupikia, yapange kwenye trei na uyageuze kila siku, yatadumu bila friji. Ndizi nunua mbichi na mbivu, la sivyo zote zitaiva siku moja. Samaki mtanunua kwa mvuvi anayepita, na Amu hakuna asubuhi wasiyopita: changu, tasi, siku ya bahati kolekole. Lakini jiko, Mwalimu, lisimamie wewe mwenyewe. Vyombo vya zamani vilipikia mkaa ndani ya sanduku la mchanga, juu, kwenye hewa. Chenu kina gesi, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani. Hushuka chini ikalala kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, ikingoja cheche ya injini. Mtungi ufungwe kwenye koki yake kila mkimaliza kupika, si kwenye jiko tu, na kabla ya kuwasha injini asubuhi fungueni sakafu mnuse. Ninawajua watu wazima wenye elimu yao wanaoona hilo ni usumbufu. Nisingelala kwenye vyombo vyao.

Choo cha ndani kina pampu na mlango, mshukuru Mungu. Msitupe humo chochote ambacho hakikupitia tumboni, na bandarini msikitumie maji yakiwa yamesimama, kwani kuna watoto wanaooga pembeni. Na kama mtataka kujua kibla, dira itawatosha: kutoka kwetu Makka iko kaskazini karibu kabisa. Ila chombo kilicho kwenye nanga hugeuka maji yanapogeuka, kwa hiyo mmoja akiangalia dira kabla ya takbira, wengine wamfuate, na chombo kikizunguka katikati ya rakaa, nanyi mgeuke nacho mkiweza.

Sasa tumefika bandarini, na hapa nitakaa.

Msitie nanga mbele ya gati ya Amu. Ndipo patakapowavutia, kwa sababu ni karibu na Langoni, na ndipo mtakapojuta. Boti za Mokowe, gati ya upande wa bara, zinaanza kupita alfajiri, kila moja na wimbi lake, na usiku hamjui nani atawagonga. Nendeni mkalale mkondoni kati ya Shela na Manda, kwenye mchanga. Mtapima kina maji yakiwa yamepwa. Mkipata mita nne, ongezeni tatu za bamvua, ziwe saba, halafu mwachie mnyororo mara tano ya hizo, mita 35. Watu huona mnyororo mwingi ni ushamba, kisha bamvua ikija na mkondo ukaenda kinyume cha upepo, chombo huikimbilia nanga yake, hukaa juu yake, huing'oa. Siku ya kwanza msishuke nyote. Kaeni humo mzunguko mzima wa maji, kujaa na kupwa, mkitazama mti mmoja ufukoni umekaa sambamba na nini, hadi mridhike kwamba hamsogei.

Siku hiyo hiyo ya kwanza, mkishakunywa chai na kulala kidogo, ndipo umpigie shoga yako. Si kabla. Usimpigie ukiwa njiani kumwambia "kesho mchana tuko kwako". Unamjua mwanamke wa Amu: ataamka kabla ya alfajiri kukuna nazi, ataalika dada zake, na ikiwa upepo umekataa, sinia lile la watu kumi litawakodolea macho. Kabla ya safari mwambie hivi tu: "Tutakuja baharini, tukifika salama tutakujulisha, usipike hadi usikie sauti yangu nikiwa Shela." Mwambie pia mtakuwapo hadi baada ya mwandamo. Hapo atakuwa na siku nyingi za kuchagua, nawe hukumwekea miadi ambayo bahari inaweza kuivunja.

Mnapokwenda kwake mara ya kwanza, nendeni baada ya alasiri. Ijumaa msiende kabla ya sala, na adhuhuri msiende kabisa, ni saa ya chakula na kulala, mtakuwa mmejialika. Ogeni kwa maji matamu, vaeni nguo zilizokuwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu Malindi. Nguo iliyokaa chomboni hunuka ukungu na dizeli na ninyi hamtausikia, wenzenu watausikia. Viatu viacheni dakani, pale ukumbini mlangoni. Wanaume wabaki hapo barazani hadi waitwe.

Zawadi isiwe halua, Amu wanayo, tena nzuri. Kabla hamjaondoka Malindi muulize kama jamaa zake huko wana mzigo wa kumletea. Chombo kina nafasi ambayo basi halina, na gunia la vitunguu au viazi kutoka kwa mama yake mtu litapokewa kwa furaha kuliko sanduku la biskuti za dukani. Kwa yule wa Faza mboga ndiyo zawadi hasa, maana huko karibu kila kitu kimekuja kwa boti na bei yake imepanda njiani.

Atawaambia mlale. Atasisitiza, ataapa. Wewe na binti yako laleni usiku mmoja, kwa raha zenu, mwanao apate kulala mahali pasipoyumba. Wanaume wapokezane: mmoja aje ale, mwingine abaki chomboni, na kila usiku pawe na mtu humo anayejua kuwasha injini. Shoga yako akiona mumeo hakuja pamoja na rafiki yake, mweleze wazi kwamba ni zamu ya nanga, asije akadhani ni jeuri. Watu wa Amu hawahitaji kufafanuliwa hilo mara mbili. Usiku wa pili rudini majini hata kama kitanda ni kitamu. Msemo wa mgeni siku ya tatu kupewa jembe unaujua, na mwenyeji ambaye chombo chako anakiona kutoka dirishani hawezi kukuambia amechoka. Kuhusu maji ya nyumbani kwake, oga kwa kiasi, usimpelekee furushi la nguo za juma zima. Akikuomba alete mfuaji, mlipeni ninyi.

Na lazima nanyi mwalike. Hili wengi hawalifanyi, wanakula majumbani mwa watu juma zima, kisha wananyanyua nanga. Hapa ndipo ile bamvua tuliyoikwepa mlangoni inapokuwa rafiki yenu. Mkiwa mmefika mwezi 22, juma moja baadaye ni mwandamo, na maji yanajaa alasiri, wakati mzuri kabisa wa kualika. Leteni chombo gatini saa kumi hivi, kikiwa juu karibu sawa na ukingo, mama mkwe wa shoga yako aingie kwa hatua moja bila kupandishwa kama gunia. Maji yakiwa yamepwa pale, kutoka juu ya gati hadi sitahani ni ngazi ndefu yenye chaza, na hakuna bibi atakayekubali. Wapeni kahawa, tende, kaimati ulizokaanga asubuhi, mzunguke nao mkondoni hadi mbele ya Shela, mrudi kabla ya maghribi maji hayajashuka sana. Tanga dogo tu, chombo kisilale upande. Injini ikiwaka muda wote pia si vibaya, hawakuja kushindana. Jaketi ziwe za kutosha kwa kila anayepanda, watoto kwanza. Na kama wageni ni wanawake peke yao, mwambie nahodha wenu aushike usukani na macho yake yawe mbele.

Faza ni habari nyingine. Njia ya kawaida ni kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, na haupitiki ila maji yakiwa yamejaa. Chombo cha futi 32 chenye mkuku, yaani uti wa chini, wa kina cha mita moja na nusu kitapita siku mbili tatu baada ya mwandamo, maji yanapojaa jua likichomoza, mkimchukua mtu wa huko awaongoze. Lakini mtafika Faza maji yakipwa, mtabaki nje kwenye kina mkiutazama mji ng'ambo ya matope hadi alasiri. Ningekuwa mimi, chombo kingebaki Shela na wanaume wakabaki nacho. Wewe na binti yako pandeni boti ya abiria ya Faza. Nayo hufuata maji, kwa hiyo ulizia saa yake jioni ya kabla, kesho yake asubuhi uwe gatini mapema. Lala kwa shoga yako usiku mmoja au miwili, rudi vivyo hivyo. Utakuwa umemtembelea kweli, badala ya kukaa kwake roho juu kwa ajili ya chombo. Kutoka Kizingitini kuelekea Kiwayu na Kiunga msiende kwa kusikia tu. Hali ya usalama ya huko waulizeni maafisa wa bandari na polisi wa Lamu juma hilo hilo, na mkiambiwa msiende, basi. Vitambulisho vya wote wanne, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, viwe karibu.

Kurudi. Mumeo hajakutajia kurudi, au sivyo? Mtakuwa mnakwenda Malindi kinyume cha kusi, kinyume cha mawimbi, na kinyume cha mkondo ule uliowasaidia, ambao msimu huu unaweza kufika noti 3 na kupita. Chombo kikienda noti 5 mbele na mkondo ukikirudisha 3, usiku mmoja unageuka siku mbili za kubisha, yaani kupinda huku na huku dhidi ya upepo, kila wimbi likipigwa kwa omo, na njiani pahali pa kujikinga ni pachache mno. Vyombo vya watu wazima hufanya hivyo, kwa umande, upepo wa nchi wa alfajiri, na injini kubwa. Si safari ya mtoto wa miaka saba, na si ya mtu anayejifunza.

Shauri langu ni kwamba chombo kibaki Lamu. Likizo ikiisha, vukeni Mokowe alfajiri mpande basi la Malindi kwa njia ya Witu na Garsen, Jumatatu uko darasani. Desemba kaskazi ikishasimama, upepo unageuka na mkondo unapoa, nanyi walimu mko likizo tena: mtarudi Malindi na upepo nyuma, safari iwe tamu kama ya kwenda. Mpaka wakati huo kiwekeni ndani zaidi ya mkondo, nanga mbili, na mumlipe mlinzi kwa mwezi, mtu aliyependekezwa na mume wa shoga yako, si kijana wa kwanza kuwafuata gatini. Teremsheni matanga mkayahifadhi kwa mwenyeji, fungeni mtungi wa gesi au mshuke nao, kaushieni ngama, na mlinzi aachiwe ndoo, ufunguo mmoja na akiba ya dizeli ya kuendeshea pampu. Malipo yake mtume mwisho wa kila mwezi bila kungoja akumbushe, na kila mara mwombeni picha ya chombo iliyopigwa siku hiyo, mnyororo wa nanga ukionekana.